Redio ya Zamani Inapokoroma: Kutafuta Chanzo cha Sauti Iliyovurugika na Kuirekebisha

Redio ndogo ya transista ya miaka ya 1960 au 1970, ile yenye kasha la mbao au plastiki nzito, mkanda wa ngozi na betri nne kubwa mgongoni, haifi kwa urahisi. Mara nyingi huendelea kushika stesheni vizuri kabisa, ila sauti yake huanza kukoroma, kupasuka au kukwaruza, hata msomaji wa habari akasikika kama mtu anayezungumza na uji mdomoni. Mwongozo huu unahusu redio za namna hiyo, zinazotumia volti 6 au 9 na zenye transista za jemaniamu (madini yaliyotumika kutengenezea transista kabla ya silikoni kuenea) katika hatua ya mwisho ya sauti, ingawa mengi yaliyomo yanafaa pia kwa redio kaseti za miaka ya 1980. Redio za valvu, zile za kale zaidi zenye taa za kioo badala ya transista, zitaguswa mwishoni tu, kwa kuwa hatari zake ni za daraja jingine.

Kosa ambalo nimelishuhudia mara nyingi, na ambalo mimi mwenyewe nililifanya nilipoanza, ni kufungua kasha na kuanza kubadilisha vipuri kabla ya kuisikiliza redio yenyewe. Sauti iliyovurugika haivurugiki kwa namna moja, na kila namna huelekeza kwenye sehemu tofauti ya mtambo. Dakika kumi za kusikiliza kwa makini huokoa siku mbili za kulehemu.

Kusikiliza kabla ya kushika bisibisi

Weka betri mpya, kisha tafuta stesheni iliyo karibu na yenye nguvu, ya FM au ya masafa ya kati wakati wa mchana. Usiipime redio kwa stesheni ya masafa mafupi jioni. Mawimbi hayo huakisiwa na tabaka la juu la anga na kufika kwenye antena kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo zinapopingana, sauti huzama, huvurugika na kurejea yenyewe baada ya sekunde chache. Waliokuwa wakisikiliza idhaa za Kiswahili kutoka ng'ambo wanaikumbuka hali hiyo vyema, na hakuna fundi anayeweza kuiondoa kwa kubadilisha kapasita (vipuri vinavyohifadhi umeme kidogo). Vilevile, mlio mkavu unaokaa palepale bila kufuata maneno ya mtangazaji huenda ukatoka kwenye chaja ya simu, taa ya LED au inveta ya sola iliyo karibu. Isogeze redio mita kadhaa kutoka kwenye vitu hivyo kabla ya kuilaumu.

Sasa shusha sauti hadi chini kabisa, kisha ipandishe polepole huku ukisikiliza mazungumzo badala ya muziki, kwa sababu sikio hutambua kasoro ya sauti ya binadamu upesi zaidi. Ikiwa sauti inakwaruza inapokuwa ndogo, kisha inasafika unapoipandisha, transista za mwisho hazipati mkondo wa kutosha wa kuzianzisha. Ikiwa ni safi inapokuwa ndogo na inapasuka inapokuwa kubwa, shuku betri, springi za betri, kapasita kubwa ya umeme wa bodi au karatasi ya spika iliyopasuka. Ikiwa imevurugika wakati wote, kubwa au ndogo, basi ama koili ya spika inasugua, ama mojawapo ya transista mbili za mwisho imekufa, ama kuna kapasita inayovujisha umeme. Mkwaruzo unaotokea tu wakati wa kuzungusha kitufe cha sauti una hadithi yake, na ule unaotokea kwenye stesheni yenye nguvu peke yake una yake pia. Andika ulichosikia kwenye karatasi, kwa kuwa utakihitaji baada ya kufungua, wakati masikio yamekwisha kuzoea.

Betri na springi zake

Betri moja mpya hutoa takriban volti 1.5, hivyo nne hutoa 6. Kuzipima zikiwa nje ya redio hakusaidii sana, kwa sababu betri iliyochoka huonyesha volti nzuri mpaka ipewe kazi. Zipime zikiwa ndani, redio ikiwaka kwa sauti kubwa. Ikiwa jumla inaporomoka chini ya volti 4.8 au hivi kila mtangazaji anapopaza sauti, mvurugiko wako unaanzia hapo. Pima tena kwenye bodi, mahali waya za betri zinapoungwa. Endapo betri zenyewe zinaonyesha 6 na bodi inapata 5 au pungufu, umeme unapotelea kwenye springi na vibati vilivyoshika kutu.

Kutu hiyo huondolewa kulingana na betri iliyoileta. Ute wa betri za kawaida za kaboni una asidi kidogo, kwa hiyo hufutwa kwa kitambaa kilicholowa maji ya magadi. Ute wa betri za alkalini ni kinyume chake na hufutwa kwa ndimu au siki. Baada ya hapo futa kwa maji safi kidogo, kausha, kisha sugua kwa msasa mwembamba mpaka chuma king'ae. Springi iliyoliwa hadi ndani haisafishiki, nayo hubadilishwa.

Spika

Redio nyingi zina tundu la kuchomeka spika ya masikioni, na tundu hilo hukata spika ya ndani. Ikiwa sauti ni safi masikioni na mbovu kwenye spika, umekaribia kupata jibu. Kuna tahadhari moja hapa: spika ya masikioni hula mkondo mdogo sana, kwa hiyo inaweza kuficha udhaifu wa betri na wa transista za mwisho. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kufungua waya mmoja wa spika na kuunga spika nyingine nzima yenye omu zilezile, kwa kawaida 8, japo baadhi ya redio za zamani zilitumia 16 au zaidi. Namba hiyo huandikwa nyuma ya sumaku. Multimita, yaani mita ya kupimia umeme, itaonyesha pungufu kidogo ya iliyoandikwa, tuseme 6 au 7 kwa spika ya omu 8, na hilo si kasoro.

Zima redio, kisha weka vidole viwili pande mbili za kitovu cha karatasi ya spika na uisukume ndani taratibu, pande zote kwa usawa. Inapaswa kwenda na kurudi kimyakimya. Ukihisi mchakacho mdogo kama wa mchanga, koili inasugua kwenye sumaku, ama kwa sababu karatasi imepinda kwa unyevu, ama kwa sababu vumbi la chuma limeingia kwenye upenyo. Niliwahi kupoteza siku mbili kwenye transista za redio ya jamaa yangu mmoja, nikazibadilisha zote mbili, kabla ya kugundua kwamba vipande vya springi iliyooza vilikuwa vimenaswa na sumaku ya spika. Vumbi la namna hiyo hutolewa kwa ncha ya utepe wa gundi unaopitishwa polepole mahali unapofikika. Hewa ya kupuliza kwa nguvu huligandisha ndani zaidi.

Karatasi iliyochanika huzibwa kwa kipande cha karatasi laini, kama ile ya kufungia majani ya chai au ya shashi, pamoja na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo. Paka pande zote mbili za mchaniko na uache ikauke usiku mzima. Gundi kali ya papo hapo haifai, kwa kuwa hukauka ngumu kama kioo na karatasi itachanika tena pembeni yake. Usisahau kukagua skrubu zinazoshikilia spika na kitambaa cha mbele. Kitambaa kilicholegea hutoa mtetemo unaofanana kabisa na spika mbovu, na nyigu wa udongo nao hupenda kujenga nyuma ya karatasi ya spika.

Kuigawa redio mara mbili

Spika ikishathibitika kuwa nzima, mahali pazuri pa kuigawa redio ni kwenye kitufe cha sauti, ambacho mafundi wengi hukiita voliumu. Kila kilicho kabla yake ni kazi ya kupokea mawimbi. Kila kilicho baada yake ni kazi ya kukuza sauti. Voliumu ina miguu mitatu: mmoja umeungwa na ardhi ya bodi (njia ya pamoja ya umeme wa saketi), wa pembeni wa pili unapokea sauti kutoka kwenye dayodi (kipuri kinachotoa sauti kwenye mawimbi), na wa katikati unaipeleka kwenye transista ya kwanza ya sauti.

Chukua waya wa kuchomeka kwenye simu, uunge ncha ya sauti kwa kapasita ya maikrofaradi 0.1, kisha gusisha kapasita hiyo kwenye mguu wa pembeni usio wa ardhi, na ncha nyingine ya waya kwenye ardhi. Kapasita huzuia volti za redio zisiingie kwenye simu, na simu yenyewe isiwe kwenye chaja. Ondoa redio kwenye stesheni, cheza hotuba yoyote kutoka kwenye simu kwa sauti ya chini, na usikilize. Ikitoka safi, amplifaya, yaani sehemu ya kukuza sauti, haina kosa na unapaswa kutafuta nyuma, kuelekea antena. Ikitoka imevurugika, kosa liko kati ya voliumu na spika. Mwenye sabufa nyumbani anaweza kufanya kinyume chake pia: aipe sabufa sauti kutoka kwenye mguu uleule, kupitia kapasita ileile, na asikilize stesheni ikiwa haijapita kwenye amplifaya ya redio. Majaribio haya mawili yakikubaliana, hakuna tena sababu ya kubahatisha.

Voliumu inayokwaruza ikizungushwa husafishwa kwa spiriti safi au dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, matone machache ndani ya kasha lake, kisha huzungushwa huku na huku mara thelathini hivi. Mafuta ya taa yasitumike, maana huacha utando unaokusanya vumbi. Hata hivyo, ikiwa mkwaruzo unarudi baada ya siku chache, pima volti kwenye mguu wa katikati. Kapasita inayotoka hapo kwenda kwenye transista ya kwanza, yenye maikrofaradi kati ya 1 na 10, ikivuja, hupitisha umeme wa moja kwa moja ndani ya voliumu, na hapo hata voliumu mpya itakwaruza. Watu hubadilisha voliumu tatu mfululizo bila kuigusa kapasita hiyo.

Hatua ya mwisho ya sauti

Hapa ndipo penye kazi nyingi. Katika redio hizi, transista mbili za mwisho hupokezana: moja hubeba nusu moja ya wimbi la sauti na nyingine hubeba nusu ya pili, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili. Ili zipokezane bila kuacha pengo, kila moja hupewa mkondo mdogo wa kudumu hata pasipokuwa na sauti. Mkondo huo ukipungua, hutokea pengo dogo kila wimbi linapovuka katikati. Sauti kubwa hulifunika pengo hilo, lakini sauti ndogo huliwa nalo, na ndiyo maana redio ya namna hii hukwaruza zaidi ikiwa chini.

Pima kwanza mkondo wa redio nzima. Kwa kuwa swichi iko nyuma ya voliumu, zima redio, weka multimita kwenye miliampea, na uguse miguu miwili ya swichi iliyozimwa. Umeme utapita kwenye mita na redio itawaka ikiwa kimya, hivyo utasoma mkondo wa utulivu bila kukata waya wowote. Ikiwa swichi ina jozi mbili za miguu, gusa ile iliyo kwenye njia ya betri. Redio ya kawaida ya volti 6 itaonyesha takriban miliampea 8 hadi 20. Ukikuta 50 au zaidi, na transista mojawapo ina joto ukiigusa, inavujisha. Ukikuta kiasi kidogo pamoja na mkwaruzo wa sauti ya chini, endelea kupima volti.

Katika redio nyingi zenye transista za jemaniamu za aina ya PNP, upande chanya wa betri ndio ulioungwa na ardhi ya bodi, kwa hiyo usidhani kwamba waya mweusi ndio ardhi, wala usishangae kusoma volti hasi. Transista ina miguu mitatu: besi, emita na kolekta. Pima kati ya besi na emita ya kila transista ya mwisho. Kwa jemaniamu, kama vile AC128 au zile za Kijapani ambazo namba zake huanza na 2SB, tarajia volti 0.1 hadi 0.2. Kwa silikoni tarajia 0.6 hadi 0.7. Kolekta zote mbili zinapaswa kusoma sawa. Moja ikitofautiana sana na mwenzake, ama transista imekufa ama nusu moja ya koili ya transfoma inayopeleka sauti kwenye spika imekatika, jambo ambalo utalithibitisha kwa kupima omu za nusu zote mbili redio ikiwa imezimwa.

Ikiwa volti za besi ni ndogo kwa transista zote mbili kwa usawa, kosa limo kwenye rezista (vipuri vinavyozuia mkondo) zinazogawa umeme kwenda katikati ya transfoma ndogo inayolisha besi hizo. Rezista za kaboni za enzi hizo huongezeka omu kadiri zinavyozeeka. Fungua mguu mmoja wa ile kubwa, uipime, na uibadilishe ikiwa imezidi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Usiibadilishe kwa namba ndogo kuliko iliyoandikwa kwa nia ya kuongeza nguvu. Jemaniamu ikipata joto hupitisha mkondo zaidi, mkondo huongeza joto, na mwisho wake ni transista kuungua. Kijiduara kidogo kinachoonekana kama kapasita karibu na transista hizo huenda ni kizuizi kinachobadilika kwa joto, kilichowekwa kuzuia hali hiyo. Kirudishe mahali pake.

Kapasita za maji, zile zenye ute ndani na alama ya chanya au hasi, ndizo zinazozeeka kwanza, hasa katika redio iliyokaa dirishani au juu ya kabati lenye joto. Redio ikiwaka, chukua kapasita nzima yenye maikrofaradi zinazokaribiana na unayoishuku na volti zisizopungua zake, iguse sambamba nayo ukizingatia chanya na hasi, na usikilize. Sauti ikisafika ghafla, umeipata. Anza na ile kubwa ya umeme wa bodi, yenye maikrofaradi 100 hadi 470, kwa sababu ikikauka, betri zikichoka kidogo tu redio hutoa mlio wa pu-pu-pu kama boti ya injini. Jaribio hili hugundua kapasita iliyokauka, si inayovuja. Inayovuja lazima ifunguliwe mguu mmoja.

Transista za mwisho hubadilishwa kwa jozi, hata kama moja bado nzima, kwani zisipolingana sauti itaendelea kuegemea upande mmoja. Shika mguu wa transista kwa koleo nyembamba wakati wa kulehemu ili joto liishie kwenye koleo, na usikae zaidi ya sekunde tatu hivi. Mafundi wengi siku hizi hukosa jemaniamu madukani na huweka silikoni moja kwa moja. Redio italia, lakini itakwaruza kuliko mwanzo, kwa kuwa volti 0.15 zilizokuwapo haziwezi kuiamsha transista inayohitaji 0.6. Atakayefanya hivyo hana budi kubadilisha rezista za kugawa umeme pia. Ninaona ni afadhali kutoa jozi ya jemaniamu kutoka kwenye redio mbovu nyingine, na kwa sababu hiyo mzoga wa redio hautupwi.

Redio za baadaye zina saketi unganishi (kipuri kimoja chenye transista nyingi ndani) kama LM386 au TDA2822 badala ya transista mbili. Kwa LM386, mguu wa 5 unapaswa kuwa na karibu nusu ya volti zilizopo kwenye mguu wa 6. Ikiwa sivyo, na kapasita zinazouzunguka ni nzima, ibadilishe. Bei yake haistahili uchunguzi zaidi.

Kosa likiwa kabla ya voliumu

Ikiwa stesheni yenye nguvu peke yake ndiyo inayovurugika, geuza redio nzima taratibu ukiwa kwenye masafa ya kati. Kijiti cheusi cha feraiti kilichomo ndani hupokea kidogo sana ncha yake inapoelekea kwenye mnara. Ikiwa sauti inasafika pale inapopungua, redio inazidiwa, na chanzo cha kawaida ni kapasita ya maikrofaradi 10 hivi inayosaidia kupunguza nguvu za stesheni zilizo karibu. Iko karibu na vile visanduku vidogo vya bati. Kwenye FM, fupisha antena kufanya jaribio lilelile.

Visanduku hivyo vya bati vina vichwa vya rangi ya njano, nyeupe na nyeusi vinavyoalika bisibisi. Usiviguse. Vimepangwa kwa kilohezi 455, na kwa FM megahezi 10.7, na pasipo kifaa cha kutoa mawimbi hayo hutavirudisha ulipovikuta. Redio nyingi nilizoletewa zikiwa "zimeharibika kabisa" zilikuwa na kosa dogo la spika pamoja na visanduku vyote vilivyozungushwa. Hali moja tu inaweza kukupeleka huko: FM iliyo safi pembeni mwa stesheni na mbovu katikati yake. Kazi hiyo apewe fundi mwenye vifaa.

Neno kuhusu redio za valvu

Redio za valvu hubeba volti 200 au zaidi ndani yake, na baadhi zina bati la chini lililoungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, tena kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Asiyezoea asizifungue. Kwa aliyezoea, kapasita ya nta inayopeleka sauti kwenye gridi ya valvu ya mwisho ndiyo ya kwanza kubadilishwa. Ikivuja hupeleka volti chanya kwenye gridi, sauti huvurugika, na valvu hupata joto mpaka iungue pamoja na transfoma.

Kabla ya kufunga kasha

Kazi ikiisha, acha redio iimbe kwa sauti ya wastani muda wa saa nzima, kisha izime na upime tena mkondo wa utulivu kupitia miguu ya swichi. Ukiwa umepanda kidogo tu kutoka kwenye ule wa mwanzo, funga kasha. Ukiwa umepanda maradufu na bado unaendelea kupanda mbele ya macho yako, rudi kwenye rezista za besi.